Tenisi Juu ya Ufipa: Uwanja, Mpira na Uaminifu

Katika kata nyingi za Ufipa, tenisi ni mchezo unaojulikana kwa jina kuliko kwa vitendo. Wakazi wengi wameuona kwenye televisheni, na kutokana na walichokiona wamehitimisha kwamba ni mchezo wa watu wenye fedha, unaohitaji uwanja wa saruji, mavazi meupe na klabu yenye lango. Wengine huuchanganya na mpira wa meza unaochezwa ukumbini. Hitimisho hilo lina chanzo chake katika historia, lakini halilingani na kile ambacho mchezo huu unakihitaji hasa. Tenisi inahitaji ardhi iliyosawazishwa, mpira unaofaa kwa mwinuko wa mahali, na wachezaji wanaosema kweli kuhusu mahali mpira ulipodunda.

Suala hili lina uzito unaozidi burudani. Shule huwa na eneo lililotengwa kwa ajili ya michezo, na mara nyingi eneo hilo hutumiwa kwa mpira wa miguu peke yake, tena na vijana wa kiume, kwa saa chache za wiki. Sehemu inayobaki bila matumizi huanza kukatizwa na njia ya mkato, kisha hupandwa mahindi msimu mmoja, na baada ya miaka kadhaa mipaka yake hubaki katika kumbukumbu za wazee tu. Mchezo unaotosha katika eneo dogo, unaochezwa na wasichana na wavulana kwa pamoja, na unaochorwa mistari ya chokaa inayoonekana na kila mpita njia, ni njia mojawapo ya kuulinda uwanja kwa kuutumia.

Asili ya mchezo

Tenisi ya sasa ilianzia Uingereza katika karne ya 19. Mwaka 1874, afisa wa jeshi aitwaye Walter Wingfield alipata hataza ya mchezo uliokuwa ukichezwa juu ya nyasi, na mwaka 1877 mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanyika jijini London. Kilichowezesha mchezo huo kutoka kwenye kumbi za mawe za wakubwa wa Ulaya na kuingia bustanini kilikuwa mpira wa kisasa wa raba, ambao ulidunda hata juu ya nyasi. Mipira ya kale iliyoshindiliwa nywele au vitambaa haikuweza kufanya hivyo.

Afrika Mashariki iliupokea mchezo huu kupitia kwa maafisa na wafanyabiashara wa Kiingereza, ambao waliucheza katika klabu kama Gymkhana ya Dar es Salaam. Enzi hizo klabu za namna hiyo zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliyeonekana uwanjani aghalabu alikuwa muokota mipira. Hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba tenisi ina wenyewe. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa, lakini mchezo uliendelea kukaa mijini, karibu na viwanja vilivyokwisha kujengwa. Hakuna kanuni yoyote ya tenisi inayosema kwamba lazima ichezwe juu ya saruji. Ufaransa huandaa mojawapo ya mashindano manne makubwa duniani juu ya udongo mwekundu, na katika sehemu za kusini mwa Afrika na kaskazini mwa Australia viwanja vingi vilitengenezwa kwa udongo wa kichuguu.

Namna unavyochezwa

Tenisi huchezwa na watu wawili, mmoja kila upande wa wavu, au wanne kwa jozi mbili. Jozi inaweza kuwa ya wanawake, ya wanaume, au ya mwanamke na mwanamume. Kila mchezaji hushika raketi, na lengo lake ni kuupiga mpira uvuke wavu na kudunda ndani ya mistari ya upande wa mpinzani. Mpinzani anaruhusiwa kuupiga kabla haujadunda, au baada ya kudunda mara moja tu. Mpira ukidunda mara ya pili kabla hajaufikia, ukigonga wavu na kubaki upande wake, au ukitua nje ya mistari baada ya pigo lake, amepoteza pointi. Mpira unaogusa mstari, hata kwa ukingo wake tu, huhesabiwa kuwa umeingia ndani.

Kila pointi huanza kwa pigo la kuanzisha. Anayeanzisha husimama nyuma ya mstari wa mwisho, upande wa kulia, huurusha mpira juu kwa mkono na kuupiga kabla haujagusa ardhi. Mpira huo sharti uvuke kwa mshazari na kutua ndani ya kisanduku cha mbele cha upande wa pili. Akikosea mara ya kwanza hupewa nafasi ya pili. Akikosea tena, pointi huenda kwa mpinzani. Ikiwa mpira umegusa ukanda wa juu wa wavu kisha ukatua ndani ya kisanduku sahihi, pigo hilo hurudiwa bila adhabu. Pointi inayofuata huanzishwa kutoka upande wa kushoto, na hubadilishana hivyo hadi gemu iishe. Kisha zamu ya kuanzisha humwendea mpinzani.

Katika tenisi ya watu wenye ulemavu wanaotumia viti vya magurudumu, uwanja, wavu na raketi ni vilevile. Tofauti kubwa ni kwamba mchezaji wa kiti anaruhusiwa kuuacha mpira udunde mara mbili, na mdundo wa pili unaweza kuwa nje ya mistari. Kwa kanuni hiyo moja, mwenye kiti na mwenye miguu wanaweza kucheza katika uwanja mmoja, kila mmoja akifuata haki yake.

Kuhesabu pointi

Hesabu ya tenisi humtatanisha mgeni kwa sababu haiendi moja, mbili, tatu. Pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne humaliza gemu. Alama za anayeanzisha hutajwa kwanza, kwa hiyo akiwa na pointi mbili na mpinzani moja, husema “thelathini kwa kumi na tano.” Wote wawili wakifika 40, ni sare, na hapo atakayeshinda gemu ni yule atakayepata pointi mbili mfululizo. Ya kwanza humpa faida, ya pili humpa gemu. Akiipata faida kisha akapoteza pointi inayofuata, hali hurudi kwenye sare.

Mchezaji wa kwanza kufikisha gemu sita, akimzidi mwenzake kwa gemu mbili au zaidi, ameshinda seti. Wakifungana gemu sita kwa sita, huchezwa gemu maalumu ya kuvunja sare, ambamo pointi huhesabiwa kawaida, moja, mbili, tatu, hadi mmoja afike saba akiwa na tofauti ya pointi mbili. Mechi nyingi humalizwa na atakayetangulia kushinda seti mbili. Mashindano mengine hufupisha: kila upande ukiwa na seti moja, seti ya tatu hubadilishwa na gemu ya kuvunja sare ya pointi kumi.

Kwa wanaoanza, hakuna ulazima wa kuyafuata yote hayo siku ya kwanza. Watoto wanaweza kucheza hadi pointi kumi, wakahesabu kawaida, na kujifunza 15 na 30 watakapokuwa wameuzoea mpira.

Nani huamua

Katika mashindano makubwa yanayoonyeshwa kwenye televisheni kuna mwamuzi juu ya kiti kirefu, na siku hizi kamera na kompyuta huamua kama mpira umetoka. Lakini mechi zilizo nyingi duniani huchezwa bila mwamuzi yeyote. Kwa mechi hizo, Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, linalofahamika kwa ufupisho wa ITF, limeweka utaratibu unaostahili kufahamika na kila mkazi anayetaka mchezo huu uingie katani kwake.

Kila mchezaji ndiye anayeamua mipira inayotua upande wake wa wavu. Mpira ukitoka, anapaswa kusema “nje” papo hapo, kwa sauti inayomfikia mwenzake. Asipokuwa na hakika, sharti auhesabu mpira huo kuwa umeingia, ijapokuwa uamuzi huo unamnyima pointi. Anayeanzisha hutaja alama kwa sauti kabla ya kila pointi, ili hitilafu ya hesabu igundulike mapema. Katika uwanja wa udongo, mpira huacha alama ardhini. Wachezaji wakitofautiana, wanaweza kukaribia na kuitazama alama hiyo pamoja, kisha mchezo ukaendelea.

Utaratibu huu humweka mtoto wa miaka kumi katika nafasi ambayo michezo mingine haimpi: analinda maslahi ya mpinzani wake huku akijilinda mwenyewe. Ndiyo sababu mwalimu wa michezo hapaswi kukimbilia kuamua kila mpira kwa niaba ya wanafunzi. Akiwaachia, watagombana wiki ya kwanza. Baadaye hutambua kwamba anayedanganya hukosa mtu wa kucheza naye.

Hewa ya Ufipa na mpira

Jambo moja hutofautisha tenisi ya Ufipa na ile ya Dar es Salaam, nalo ni hewa. Mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu moja ya tano ukilinganishwa na ule wa pwani. Akina mama wa Ufipa wanaijua tofauti hiyo kwa njia ya chungu: maji huchemka katika takribani nyuzi 94 badala ya 100, na kwa hiyo maharage huchelewa kuiva.

Mpira wa tenisi una hewa iliyofungiwa ndani kwa mgandamizo mkubwa kuliko wa nje. Ukipelekwa juu, ambako hewa ya nje inausukuma kwa nguvu ndogo, mpira huwa mgumu zaidi na kudunda juu zaidi. Tena, hewa nyepesi hauzuii vya kutosha, hivyo husafiri kwa kasi na kutua mbali. Anayeanza akipewa mpira mpya wa kawaida juu ya Ufipa huona kila pigo lake linatoka nje, na mdundo unampita begani. Hukata tamaa akidhani hana kipaji, kumbe tatizo ni mpira.

ITF imelitambua jambo hili katika kanuni zake. Mpira wa kawaida, ukiangushwa kutoka urefu wa sentimita 254 juu ya sakafu ngumu katika hali ya usawa wa bahari, unatakiwa kudunda kati ya sentimita 135 na 147. Kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, kanuni zinaruhusu mpira wa aina nyingine, ambao katika kipimo hichohicho hudunda kati ya sentimita 122 na 135 tu. Mpira huo ukiletwa juu, huongezeka mdundo na kuwa sawa na wa kawaida. Kanuni zinaruhusu pia mipira isiyokuwa na hewa ya ziada ndani, iliyokaa katika mwinuko wa mahali pa mashindano kwa siku 60 au zaidi.

Mpaka huo wa mita 1,219 una maana ya pekee katika eneo hili, kwa kuwa unapita katikati yake. Laela, Mpui na Kaengesa ziko juu ya uwanda, mbali juu ya kiwango hicho. Muze, Mtowisa na Ilemba ziko chini ya kuta za Lyamba lya Mfipa, katika bonde la Ziwa Rukwa, ambalo maji yake yako kwenye mwinuko wa takribani mita 800. Shule mbili zinazoweza kukutana katika mashindano ya siku moja huhitaji mipira ya aina mbili. Anayenunua mipira kwa ajili ya shule ya uwandani anashauriwa kutazama maandishi ya kopo, na kuulizia ile iliyotengenezwa kwa maeneo ya mwinuko au isiyo na mgandamizo.

Asiyepata maandishi anaweza kupima mwenyewe. Apime sentimita 254 ukutani kwa futi ya fundi, aangushe mpira juu ya sakafu ya saruji bila kuusukuma, na mwenzake atazame unapofika. Ukidunda kati ya sentimita 135 na 147 hapohapo uwandani, unafaa. Ukizidi sana, ni wa nchi ya chini. Kipimo hiki kina faida nyingine: mpira uliotumika na kupoteza sehemu ya hewa yake, ambao mjini Dar es Salaam ungetupwa, aghalabu hufaa kabisa kwa mafunzo juu ya Ufipa. Mipira iliyotumika ni msaada wenye thamani kwa shule, na ndugu au wahisani wa pwani wanaweza kuombwa kuikusanya badala ya kuitupa.

Kutengeneza uwanja

Uwanja kamili wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Upana ni mita 8.23 kwa wachezaji wawili na mita 10.97 kwa wanne. Wavu huugawa katikati, ukiwa na kimo cha sentimita 107 kwenye nguzo na sentimita 91.4 katikati. Mstari wa visanduku vya kuanzishia uko mita 6.40 kutoka kwenye wavu, kila upande. Nje ya mistari huhitajika nafasi ya kukimbilia, hivyo eneo lote kwa mchezo wa kawaida lisipungue mita 34.75 kwa 17.07. Uwanja uelekezwe kaskazini na kusini kwa urefu wake, ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mchezaji usoni.

Kazi ya kwanza ni kuondoa nyasi na mizizi, kisha kusawazisha. Uwanja usiwe na kilima katikati wala bonde; uwe na mteremko mmoja mwembamba kutoka ubavu hadi ubavu, takribani sentimita moja kwa kila mita moja, ili maji ya mvua yatoke bila kuchimba mifereji. Mfereji wa kukinga maji uchimbwe upande wa juu, nje ya eneo la kuchezea. Kisha udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa hutandazwa kwa tabaka jembamba, humwagiwa maji na kushindiliwa. Pipa lililojazwa zege na kupitishwa chuma katikati hutosha kuwa rola. Tabaka moja likishakauka kiasi, huongezwa jingine. Udongo huo hushikamana kwa namna ambayo mchanga na udongo wa shambani haviwezi.

Ili pembe za uwanja ziwe za mraba, fundi yeyote wa ujenzi anaijua kamba ya tatu, nne na tano. Uhakiki wa mwisho ni wa ulalo: katika nusu ya uwanja wa wachezaji wawili, kutoka kona ya mstari wa mwisho hadi pale wavu unapokutana na mstari wa ubavu wa upande wa pili, kamba isome mita 14.46. Ikisoma hivyo kwa kona zote mbili, mistari inaweza kuchorwa kwa chokaa.

Wavu unaweza kutengenezwa kwa wavu mkuukuu wa kuvulia, mradi matundu yake ni madogo kuliko mpira na kipande cha kitambaa cheupe kishonwe juu ili wachezaji wauone. Mahali pasipo na wavu, kamba iliyoning’inizwa viroba hutosha kwa mafunzo.

Uwanja wa udongo ni rahisi kuutengeneza na rahisi pia kuuharibu. Usichezewe ukiwa umelowa, kwa maana nyayo huacha mashimo ambayo jua huyakausha yakawa ya kudumu. Katika miezi ya kiangazi, upepo wa Ufipa hupeperusha vumbi la juu, kwa hiyo uwanja unyunyiziwe maji kidogo na kufagiwa kabla ya mchezo. Mbuzi na ng’ombe wazuiwe kwa uzio wa miti au wa mkonge. Baada ya masika, sehemu zilizoliwa na maji huzibwa na kushindiliwa upya.

Watoto waanze na uwanja mdogo

Kata isiyokuwa na uwezo wa kutengeneza uwanja kamili haina sababu ya kungoja. Tangu mwaka 2012, kanuni za ITF zimekataza mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini ya hapo. Watoto hao hutumia mipira laini ya rangi tatu. Mpira mwekundu ni wa polepole zaidi na huchezewa katika uwanja wenye urefu wa takribani mita 11. Wa rangi ya chungwa huchezewa katika uwanja wa takribani mita 18. Wa kijani huchezewa katika uwanja kamili, ukiwa bado una kasi ndogo kuliko wa njano.

Vipimo hivyo vinaingia katika viwanja ambavyo shule tayari zinavyo. Uwanja wa mpira wa wavu una mita 18 kwa 9, hivyo ni uwanja tayari wa mpira wa rangi ya chungwa. Kinachobadilika ni kuushusha wavu hadi kimo cha sentimita 80 au 90. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25, na ndani yake huenea viwanja vidogo vinne vya mpira mwekundu vilivyopangwa kwa upana. Watoto wanne wakicheza katika kila kimoja, watoto 16 wanakuwa mchezoni kwa wakati mmoja, wasichana na wavulana, na hakuna anayesimama pembeni akitazama.

Raketi za watoto ni fupi kuliko za watu wazima. Zisipopatikana, seremala anaweza kukata vibao vya mbao nyepesi vyenye mpini, vilivyopigwa msasa ili visichome mikono. Kibao hakina nguvu ya raketi yenye nyuzi, lakini kinamfundisha mtoto kuutazama mpira, kusogeza miguu na kupiga akiwa amesimama sawasawa, mambo matatu ambayo raketi ya gharama haiwezi kumpa.

Msichana wa nchi ya juu

Ushahidi kwamba mchezo huu unaweza kumea juu ya nyanda za Afrika Mashariki uko Nairobi, mji ambao mwinuko wake unakaribiana na wa Sumbawanga. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 2004 na kulelewa na bibi yake, alianza tenisi akiwa mtoto mdogo katika mazingira ya shule. Julai 2022, akiwa na miaka 18, alicheza Wimbledon katika mashindano ya wasichana ya jozi pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Katika fainali walipoteza seti ya kwanza 3–6 dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada, wakashinda ya pili 6–4, kisha wakashinda gemu ya kuvunja sare 11–9. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika mojawapo ya mashindano manne makubwa. Mwaka 2024 alishinda pia medali ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Ghana.

Si kila mtoto wa Ufipa atafika Wimbledon, na uwanja wa kata hautengenezwi kwa sababu hiyo. Hata hivyo, historia hiyo inaonyesha kwamba palipo na uwanja, mpira na mtu mzima anayekuja kila jioni, umaskini wa nyumbani haufungi mlango. Kwa wazazi wa wasichana ni vyema kufahamu pia kwamba tenisi ni miongoni mwa michezo iliyotangulia kumthamini mwanamke sawa na mwanamume: mashindano ya wazi ya Marekani yalianza kutoa zawadi sawa za fedha mwaka 1973, na Wimbledon ikafuata mwaka 2007.

Hatua za kuchukua katika kata

Wakazi wanaotaka kuanza wanaweza kufuata mpangilio ufuatao. Kwanza, wakutane na mwalimu mkuu, kamati ya shule na serikali ya kijiji au ya mtaa ili kukubaliana kuhusu eneo, na makubaliano hayo yaandikwe katika muhtasari wa kikao pamoja na vipimo vyake. Muhtasari huo ndio utakaoulinda uwanja miaka ijayo, viongozi watakapobadilika. Pili, wamwone mtendaji wa kata, na kupitia kwake afisa michezo wa halmashauri, kwa ushauri wa kitaalamu. Tatu, kikundi kikishakuwa na wachezaji wa kudumu na katiba yake, kisajiliwe kuwa klabu kupitia kwa afisa michezo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1967 iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Klabu iliyosajiliwa inaweza kuandika barua, kuomba vifaa na kupokea msaada kwa jina lake. Nne, iwasiliane na chama cha tenisi cha taifa kuhusu mafunzo ya walimu na mipira ya watoto. Mpango wa ITF wa kuingiza tenisi mashuleni huendeshwa kupitia vyama vya kitaifa.

Kila uwanja uwe na mtu mmoja anayejulikana kuwa mwangalizi wake, awe mwalimu, mstaafu au kijana wa kijiji, mwenye ufunguo wa mahali zinapowekwa raketi na daftari la vifaa. Ratiba ibandikwe ikionyesha saa za wasichana, saa za wavulana, saa za watu wazima na siku ya usafi. Bila ratiba, wenye nguvu huumiliki uwanja na wadogo huacha kuja.

Wakati unaofaa kwa kazi ya ardhi ni mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, mvua zinapokoma na udongo ungali na unyevu wa kushindilika. Uwanja ulioshindiliwa wakati huo huwa mkavu na imara ifikapo Juni, mahindi yakiwa yameanza kuingia ghalani na vijana wakiwa na nafasi. Kabla ya hapo, kazi inayowezekana leo ni kuchukua kamba na kupima eneo la shule, kuweka mambo kwenye pembe zake nne, na kuandika vipimo hivyo katika daftari la kijiji.